Usinunue sukulenti. Omba jani.

Mwaka jana nilitoa video ya sekunde 40 nikisema sukulenti ni mmea ambao hata ukitaka kuuua, huwezi. Nilikuwa nimeshika kachungu keupe, kazuri, kasiko na tundu hata moja chini, na nikasema kwa ile sauti yetu ya kuuza vitu, "Unanyunyizia tu maji kidogo kila asubuhi na maisha yanaendelea." Hiyo video ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Duka lililonipa ile mimea bure likafurahi. Mimi pia nikafurahi. Na hakuna neno la kweli nililosema tangu mwanzo hadi mwisho, labda jina langu.

Miezi minne baadaye dada mmoja akaniandikia inboksi. Hakunitusi, na afadhali angenitusi. Alituma picha ya vyungu vinne juu ya meza ya plastiki. Majani yalikuwa yamelegea, manjano, unaona mwanga ukipita ndani yake kama kitunguu kilichoanza kuiva kwenye mafuta. Akaandika, "Nilifuata kila kitu ulisema. Nilikosea wapi?" Nilipomuuliza zaidi nikajua anaishi bedsita ambayo dirisha lake moja linaangalia korido. Vile vyungu vinne alivinunua kwa 2,600, hela ya kusuka watu nywele, kichwa baada ya kichwa.

Hakukosea popote. Alifuata maagizo ya mtu asiyejua anachosema, na huyo mtu alikuwa amelipwa kwa maua.

Kwa hivyo hii posti ni ya kulipa deni, na najua kuna maduka hayatanitumia kitu tena. Neno langu ni moja: acheni kununua sukulenti. Si ati nimechukia hii mimea. Zii, naipenda mpaka majirani wanaruka vyungu vyangu kwenye ngazi wakienda kazini. Nasema msinunue kwa sababu sukulenti inajizalisha yenyewe kutoka kwa jani lililoanguka, na kwa sababu ukiangalia vile wanakuuzia, hicho chungu, huo udongo, hayo maagizo, utaona hakuna mtu kwenye hiyo biashara aliyepanga mmea wako ufike Krismasi.

Tuanze na hilo neno "kunyunyizia", kwa sababu ndilo lililoua mimea ya yule dada.

Sukulenti ni mmea unaoweka akiba ya maji ndani ya majani, shina au mizizi. Asili yake ni mahali ambapo mvua inakuja kama malipo ya kibarua: siku moja ni nyingi, halafu kimya wiki kadhaa. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na maji yanatorokea hapo hapo. Sukulenti nyingi hufunga mchana na kufungua usiku kukiwa na baridi, kisha zinaiweka ile hewa kama asidi ndani ya jani mpaka jua litoke. Fikiria mmea umejipanga kiasi hicho ili uishi bila maji, halafu mimi nakuambia uunyunyizie kila asubuhi kama nguo inayongoja pasi.

Na mizizi inapumua. Hiki kitu sikuwa najua, na wengi wenu hamjui, si aibu. Udongo ukiwa na maji kila wakati, zile nafasi ndogo za hewa zinajaa, mzizi unakosa pumzi, unaoza. Mzizi ukishaoza hauwezi tena kuvuta maji. Jani linaanza kulegea. Wewe unaona jani limelegea unasema, maskini, ina kiu, unaongeza maji. Yaani mmea unaozama unaonekana kama mmea wenye kiu, na upendo wako ndio unaoumaliza.

Tofauti iko, ukiiangalia vizuri. Jani lenye kiu linakunjamana kama ngozi ya vidole baada ya kufua, lakini rangi yake bado iko. Jani lililozidiwa na maji linakuwa manjano, linaonyesha hadi ndani, na ukiligusa tu linaanguka. Ukiona la kwanza, mwagilia. Ukiona la pili, weka jagi chini na utoe huo mmea kwenye udongo leo, si kesho.

Ukitaka kujua kama ni wakati wa kumwagilia, chukua kijiti cha mishikaki, kichome hadi chini ya chungu. Kikitoka na udongo umekishika, enda kafanye mambo yako. Kikitoka kikavu, mwaga maji hadi yatoke chini kwa tundu, halafu usahau. Mimi Nairobi mwezi wa saba, kukiwa na baridi na mawingu wiki nzima, hupitisha hata wiki tatu bila kumwagilia kitu. Februari ni hesabu nyingine. Hakuna "kila Jumapili". Anayekupa ratiba bila kuuliza unaishi wapi anakisia.

Nimesema maji yatoke chini kwa tundu. Hapo ndipo biashara yenyewe iko uchi. Angalia hivyo vyungu vya mtandaoni: vikombe vya kahawa, vibakuli vya kioo, vichwa vya simenti, vyote havina tundu. Ukiuliza, unaambiwa, "Tumeweka kokoto chini, maji yanashuka huko." Uongo mtamu. Maji hayashuki kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka huo udongo ulio juu ushibe kabisa, kwa sababu udongo laini unayashika. Kwa hivyo ukiweka kokoto chini umepandisha tu mahali palipolowa, umepasogeza karibu na mizizi. Jaribu mwenyewe na glasi ya kioo, utaona ule mstari wa unyevu umekaa juu ya kokoto na haushuki.

Chungu cha sukulenti kinahitaji tundu. Mkebe wa Kimbo uliotobolewa kwa msumari wa moto unashinda kile chungu cha 900. Nimesema.

Nikiwa hapo hapo kwa ujanja wa duka, kuna zile kaktasi ndogo zenye kichwa chekundu au manjano kama mpira. Ile ni mimea miwili. Kichwa hakina klorofili, hakiwezi kujitengenezea chakula, kwa hivyo kimepandikizwa juu ya shina la kijani la kaktasi nyingine ambalo linakilisha. Ni kazi ya ufundi, sikatai, lakini hakuna anayekuambia kwamba ule mpango mara nyingi hudumu miaka michache tu. Kuna zingine zimepakwa rangi, buluu na dhahabu, na rangi inazuia mwanga kuingia kwa jani. Kuna zingine zimebandikwa ua la karatasi kavu kwa gundi ya moto. Kubandika ua la uongo juu ya mmea unaotoa maua yake mwenyewe, manze, hapo nilinyamaza.

Na ile ya "zinasafisha hewa ya nyumba". Inatokana na utafiti wa NASA wa 1989, na mimea ile iliwekwa ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa. Keja yako si sanduku. Mwaka wa 2019 watafiti wengine walipiga hesabu upya wakaona ungehitaji mimea mingi ajabu, kuanzia 10 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu, ndipo ifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka tu ndani ya jengo. Ukitaka hewa safi fungua dirisha, kama unalo.

Hilo la dirisha ndilo lililonifanya nione aibu zaidi, kwa sababu maagizo mengi tunayosoma kwa kamera yameandikwa na watu wa Marekani na Uingereza, na sisi tunayatafsiri hivyo hivyo bila kutoka nje kuangalia jua letu. Wao wanasema, weka kwenye dirisha la kusini. Kwao jua linapita upande wa kusini mwaka mzima, sawa. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta. Mwezi wa sita jua liko kaskazini kwetu, Desemba liko kusini. Lile dirisha la kusini analolisifia Mwingereza, hapa mwezi wa sita halipati jua hata kidogo. Wao wanasema, punguza maji wakati wa theluji. Theluji ya Umoja ama ya Kayole? Kalenda yetu ni mvua ndefu ya Machi hadi Mei, baridi ya Juni hadi Agosti, mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba. Dirisha la mashariki ndilo rafiki yako, linapata jua la asubuhi miezi yote 12.

Sasa, watu wa bedsita, wacha niwaambie kitu ambacho hakuna duka litawaambia. Saa sita mchana zima taa, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mmea, inua mkono wako juu yake. Ukiona kivuli chenye kingo kali, panda. Ukiona kivuli hafifu, sukulenti ya majani ya duara kama waridi itarefuka shingo ikitafuta mwanga, majani yataachana, itakuwa kama mtu anachungulia juu ya ukuta. Haitarudi ilivyokuwa. Usipoona kivuli kabisa, usipande sukulenti hapo. Labda sansevieria, ile ya majani marefu kama panga, na hata hiyo haipendi giza, inavumilia tu. Sijui kwa nini ni vigumu hivyo kwa muuzaji kumwambia mteja, "Dada, kwako haitakaa." Au najua. Nilikuwa huko.

Twende kwa jani.

Baada ya ile meseji nilishuka kwa mama wa nyumba namba 3, chini ya ngazi. Nilikuwa nikimpita kila siku na sikuwahi kuona ana nini pale mlangoni, kwa sababu hakina chungu cheupe. Ana mikebe, masufuria yaliyotoboka, nusu ya mtungi wa maji wa lita 20, na kila kitu kimejaa. Ile ya kijivu inayofanana na waridi la mawe, ile ya majani mazito ya kung'aa, mishubiri, zingine zimeninginia hadi chini. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Hizi ulinunua wapi?"

Akacheka. "Kununua? Mwanangu, hizi mtu hununua?"

Akavunja tawi la ile ya kijivu, akanipa, nikamwambia asante, naenda kuipanda sasa hivi. Akanishika mkono. "Usipande leo. Kidonda hakijakauka."

Nilikuwa nimetengeneza video 11 kuhusu sukulenti na hakuna hata moja iliyokuwa na hilo neno. Sehemu iliyovunjika ni kidonda kibichi. Ukikitia kwenye udongo wenye unyevu, kuvu wanaingia, shina linaoza kuanzia chini. Ukiuacha kwenye kivuli siku tatu, nne, hata wiki kama shina ni nene, kidonda kinafunga ngozi, na mizizi inatokea hapo juu ya ngozi mpya. Hiyo ndiyo siri yote, na bei yake ni kungoja.

Jani ni vivyo hivyo. Lishike karibu na shina, lisukume kushoto na kulia polepole hadi litoke zima, pamoja na ile ncha yake nyeupe. Likikatika katikati, tupa, halitaota. Lilaze kwenye karatasi mahali pa kivuli mpaka ncha ikauke. Halafu lilaze juu ya udongo. Juu, usilifukie. Usimwagilie mpaka uone nyuzi za waridi zimetoka, hiyo ndiyo mizizi, inaweza kuchukua wiki mbili, inaweza kuchukua sita. Kisha kanatokea kamea kadogo kama kifungo cha shati. Jani la zamani linasinyaa, linamlisha mtoto hadi linakauka lote. Usiling'oe mapema kwa sababu ati linaharibu picha.

Kutoka hapo hadi upate mmea wa kujaza kikombe ni miezi kadhaa. Ndiyo maana hakuna anayeitengenezea video. Sekunde 40 hazitoshi, na jani halina kodi ya kupunguza bei.

Na si kila mmea unakubali. Mimi kwa kujua kwangu nilienda nikakata majani 12 ya mshubiri, nikayakausha vizuri, nikayapanga kwa safu kama mahindi. Yakaoza yote 12, na harufu ikapanda hadi ghorofa ya pili. Mshubiri hauoti kwa jani. Unazaa watoto pembeni ya mama. Ngoja mtoto awe na mizizi yake, mchimbue, mkaushe, mpande. Sansevieria yenye ukingo wa manjano ukiikata vipande vya jani itaota, lakini watoto watakuwa kijani kitupu, ule ukingo unapotea. Ukiutaka, gawanya kutoka kwa mizizi.

Udongo. Usichote ule mweusi wa Nairobi unaoshika kiatu mvua ikinyesha na kupasuka kama sahani jua likiwaka. Unashika maji kama mkopo wa simu unavyokushika wewe. Chukua kikombe kimoja cha udongo wa kawaida wa bustani na kikombe kimoja cha mchanga wa mto, ule mkubwa wa wajenzi, uchekeche vumbi lake litoke. Fundi yeyote anayejenga jirani atakupa mfuko mdogo ukimsalimia vizuri. Watu wa Mombasa, msichote ufuoni, ule una chumvi. Changanya, lowesha, finya ngumini, fungua. Ukibaki donge, ongeza mchanga. Ukimeguka, umefika. Samadi nyingi haihitajiki, hii mimea ilizoea umaskini.

Na kama tayari unayo iliyonunuliwa kwenye kikombe bila tundu, ihamishe wikendi hii. Ngoja udongo ukauke kwanza. Itoe, ikung'ute, angalia mizizi. Ile meusi na laini ikate kwa kisu safi, ile meupe na migumu iache. Ilaze kivulini siku mbili. Panda kwenye kitu chenye tundu kinachozidi mmea kwa upana wa vidole viwili tu, kwa sababu chungu kikubwa kina udongo mwingi usio na mizizi ya kuukausha. Halafu sehemu ngumu: usimwagilie kwa karibu wiki nzima. Mizizi imekatikakatika na inahitaji kupona. Na usiitoe moja kwa moja ndani ya nyumba ukaianika jua la saa sita, itaungua, madoa ya kahawia hayatoki. Izoeshe kidogo kidogo, kama mtu anarudi shamba baada ya miaka.

Najua kuna wenye wataenda mbali na hii ya "bure". Kwa hivyo wacha niseme: omba jani kwa jirani, kwa shosho, kwa mlinzi wa kanisa. Usiende kuchimba porini. Kuna watu wanauza mtandaoni waridi la jangwani, adenium, lenye shina nene kama paja, mizizi imekatwa kwa panga. Hilo shina halijanenepa kwa mwaka mmoja kwenye kitalu cha mtu. Limetolewa mahali, na hapo mahali pamebaki shimo. Kenya ina aina zaidi ya 50 za mishubiri ya mwituni, na tangu 1986 kulikuwa na amri ya Rais Moi ya kuzuia watu kuivuna porini kwa biashara. Mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara ya mishubiri yote ukitoa moja tu, Aloe vera. Afrika Kusini wameona haya mambo yakiishia wapi: vimea vidogo vya conophytum, vingine si vikubwa kuliko kidole gumba, vinachimbwa jangwani kwa maelfu kupelekewa watu wa ng'ambo waliovipenda kwa picha. Wenye kupiga picha ni sisi.

Halafu kama una mtoto ama paka nyumbani, ujue utomvu wa hilo waridi la jangwani ni sumu, na utomvu mweupe wa miti ya mnyaa unaweza kukuumiza macho vibaya. Nawa mikono. Hilo pia halikuwa kwenye video yangu.

Kinachonichekesha ni kwamba wengi wetu tumelelewa na sukulenti. Shosho alikuwa na mshubiri nyuma ya jikoni, akikata jani analitumbukiza kwa maji ya kuku magonjwa yakianza kuzunguka kijijini. Wengine mliachishwa kunyonya kwa hiyo hiyo, ndiyo maana mpaka leo mnasema kitu ni chungu kama shubiri. Ua la boma la shags ni mnyaa. Hiyo yote tuliiona kama vichaka. Halafu ikaja echeveria, mmea ambao nyingi za aina zake ni za Mexico, kwenye kikombe cheupe, tukatoa 650.

Mara ya mwisho niligusia haya mambo, komenti ziligawanyika pande mbili. Wa kwanza walisema naharibia vijana wenzangu biashara. Buda, kijana anayekaa kando ya barabara na miche yake, kwenye vumbi, mvua na jua, simsemi. Ukishindwa kabisa kupata wa kumwomba, nunua kwake. Mmea wake umezoea nje, uko kwa karatasi yenye matundu, na ukimuuliza atakuambia hii haitaki maji mingi. Ninayemsema ni anayechukua mmea wa huyo kijana, anautia kwenye kikombe kisicho na tundu, anazidisha bei mara tano, na kumtumia mtu kama mimi sampuli za bure ili niseme haufi.

Wa pili walisema, wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatufundisha baiolojia gani? Kweli, niliacha. Karo ilikataa, na tusidanganyane, hata mimi nilikuwa nimeshachoka. Mama wa nyumba namba 3 aliachia darasa la sita. Nendeni mkaulize mimea yake.

Yule dada nilimtafuta. Nilimrudishia hela yake, si yote, nilikuwa na 1,500. Nikampelekea vimea vitatu vilivyoota kutoka kwa lile tawi la kijivu, na nikamwambia asiviweke kwake, kwake hakuna mwanga. Akaviweka saluni, dirishani, upande wa barabara, jua la asubuhi linaingia hadi kwa kiti cha kwanza. Ziko hai. Anasema wateja wameanza kuvunja majani bila kuomba, na ameandika karatasi kwamba jani moja kwa kila kichwa, bure, lakini uliza.

Ile video yangu ya sekunde 40 nimeifuta. Ilikuwa bado inaniletea wafuasi.

Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi nitakuwa pale chini kwa ngazi na mama wa namba 3. Tuna karai la majani yaliyokauka ncha, tayari, na ndoo mbili za mchanga. Wenye mko karibu mnajua ploti, wenye hamjui niandikieni. Hatuuzi. Kuja na mkebe wako, na uutoboe kabla hujafika, msumari tulionao ni mmoja.